Arboretum au Karura? Ulinganisho kwa familia inayotaka siku moja chini ya miti Nairobi

Familia za Nairobi zikitaka siku ya miti na nyasi, majina yanayotajwa kwanza ni mawili: Arboretum, bustani ya miti iliyo kando ya State House Road, na msitu wa Karura. Mara nyingi uamuzi hufanywa na picha za maporomoko ya Karura ambazo mmoja wao ameziona kwenye simu. Kipimo bora zaidi ni miguu. Mtafute mwenye miguu mifupi au iliyochoka kuliko wote nyumbani, awe mtoto wa miaka mitatu au nyanya mwenye goti linalouma, kisha ukadirie atatembea umbali gani kabla ya kuomba kubebwa au kuketi. Ikiwa ni chini ya kilomita 2, nendeni Arboretum. Ikiwa ni kilomita 5 bila manung'uniko, Karura itawafurahisha zaidi. Ugumu uko kwa familia iliyo katikati, na hiyo ndiyo iliyolengwa hapa.

| | Arboretum | Karura |
|---|---|---|
| Ukubwa | hekta 30 hivi | hekta 1,041 hivi |
| Muda unaofaa | nusu siku | muda wa saa tano na zaidi |
| Pa kulia | popote kwenye nyasi | sehemu zilizotengwa, au mkahawani |
| Kigari cha mtoto | kinapita njia nyingi | chenye magurudumu makubwa tu, tena kiangazi |
| Baiskeli | usiitegemee | za kukodi zipo |
| Usumbufu mkubwa | tumbili na kelele za wikendi | umbali na kupotea njia |

Ukubwa ndio unaoamua mengine

Arboretum yote mtu mzima asiye na haraka ataizunguka kwa dakika arobaini hivi. Maana yake kwa familia ni kwamba hakuna mahali mtakapokuwa mbali sana na lango, choo au kivuli mlichoacha mikoba chini yake. Mtoto akijichafua, akilia au akipata homa ya ghafla, mnarudi garini bila safari ndefu. Baba anaweza kuwachukua wakubwa wakazunguke, mama abaki na mtoto mchanga kwenye leso, na bado wakutane baada ya nusu saa.

Karura inazidi Arboretum kwa zaidi ya mara thelathini, nayo imekatwa vipande na barabara. Kipande kikubwa, chenye vivutio vinavyojulikana, kiko kati ya Limuru Road na Kiambu Road. Ng'ambo ya Limuru Road kuna Sigiria, tulivu zaidi na yenye watu wachache. Vivutio vya Karura vimetawanyika. Kutoka lango la Limuru Road hadi maporomokoni ni zaidi ya kilomita 2 kwenda tu, na ukiongeza mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau kisha urudi, hesabu kilomita 5 hadi 6. Mtoto wa miaka minne, pamoja na kusimama kwa kila siafu na kila kijiti, huenda kama kilomita 2 kwa saa. Basi matembezi ambayo mtu mzima huyamaliza kwa saa moja na nusu, ninyi yatawachukua saa tatu, kabla hamjala.

Kosa la kawaida hapa ni kuingilia lango lisilofaa. Ziwa la mayungiyungi liko upande wa Kiambu Road, na maporomoko na mapango hufikiwa kwa urahisi zaidi kutoka Limuru Road. Mkiegesha upande mmoja na kivutio mnachokitaka kiko upande mwingine, mtavuka msitu mzima mara mbili. Amueni kivutio kimoja kikuu kabla ya kutoka nyumbani, kisha mchague lango. Vilevile, wakwe au binamu mnaokutana nao waambiwe jina la lango na la barabara. "Tukutane Karura" imewahi kuwaacha watu wakisubiriana pande mbili za msitu mmoja.

Njia panda za Karura zina nguzo zenye namba. Pigeni picha ramani iliyo langoni, na kila mkifika nguzo mtu mmoja aisome namba kwa sauti. Hii ni kazi nzuri ya kumpa mtoto wa miaka minane au tisa, kwani humpa sababu ya kutangulia bila kukimbia. Mkipotea, msikate njia kwa kupita vichakani: rudini kwenye nguzo ya mwisho mliyoisoma.

Miti: nani anajifunza nini

Kwa anayetaka watoto wajifunze miti, Arboretum inashinda, na ushindi huo una historia. Ilianzishwa mwaka 1907 na afisa wa misitu, Battiscombe, kama shamba la majaribio. Injini za reli wakati huo zilikuwa zikila kuni, misitu ya asili ilikuwa ikipungua kwa kasi, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi katika ardhi hii. Ndiyo maana hatua chache tu zinakutoa kwenye mti wa Australia hadi kwenye mti wa Amerika Kusini, kisha kwenye podo au meru oak wa hapa kwetu. Kuna zaidi ya aina 300, na mingi ina vibao vya majina. Baadhi ya vibao vimefifia au vimeanguka, kwa hiyo msikasirike mkikuta mti mkubwa usio na jina.

Mchezo unaofanya kazi vizuri na watoto wa shule ya msingi ni huu: kila mmoja aokote majani matano yaliyokwisha kuanguka, kisha atafute mti wa kila jani. Jani la mukinduri ni rahisi kulitambua, juu ni kijani na chini lina rangi ya fedha. Septemba hadi Novemba maua ya zambarau ya jakaranda hutapakaa chini, na watoto wadogo hawahitaji mchezo mwingine wowote. Kuchuna majani mtini, kumenya magome na kuchonga majina ni mwiko kote kuwili.

Karura haifundishi kwa vibao, inafundisha kwa msitu wenyewe. Sehemu zake za asili zina muhugu, ule mti mgumu unaopendwa na wachonga vinyago, pamoja na mukinduri na muthiga wenye magome makali kama pilipili. Sehemu nyingine zilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Tofauti inaonekana hata na mtoto: chini ya mikaratusi hakuoti mengi, chini ya msitu wa asili kila kitu kinapandiana. Tena Karura ina kisa ambacho mtoto wa darasa la sita anaweza kukielewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge nyumba. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche kwa upinzani, na Januari 1999 walishambuliwa wakiwa papo hapo. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kusimulia hayo mkiwa mmesimama msituni kunaingia akilini kuliko kitabu.

Tumbili, kima na chakula chenu

Hapa watu hujiandaa vibaya kuliko mahali pengine popote. Arboretum ina tumbili na kima waliozoea watu kwa miaka mingi. Wanajua mlio wa pakiti ya krispi, wanaijua rangi ya ndizi, na wanajua kwamba mtoto mwenye chakula mkononi hana nguvu za kukizuia. Kisa huanza kwa mgeni kuwarushia njugu apige picha. Tumbili aliyelishwa hatofautishi tena kati ya chakula alichopewa na alichokiona, na atakayefuata kuketi hapo ndiye anayeporwa.

Kwa hiyo:

- Bebeni chakula kwenye mkoba wenye zipu au ndoo yenye kifuniko cha kubana. Kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa ni mwaliko.
- Toeni chakula cha kula sasa hivi tu, kisha mfunge.
- Ketini mbali kidogo na shina. Wao hushuka kutoka juu, na mtu aliye katikati ya nyasi huwaona mapema.
- Watoto wadogo wale wakiwa katikati ya duara, watu wazima wakiwazunguka.
- Tumbili akishanyakua kitu, mwacheni nacho. Kuvutana naye ndiko kunakoleta meno.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na damu ikatoka, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa. Jeraha dogo nalo ni jeraha. Kipande cha sabuni mkobani kina faida kuliko plasta kumi.

Karura nayo ina kima, na mbega weusi kwa weupe waliohamishiwa huko, lakini mbega hukaa juu ya miti na hawana haja na chapati zenu. Usumbufu mdogo wa Karura ni mwingine: siafu baada ya mvua, na thabai, mmea unaowasha, kando ya njia nyembamba. Suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi inatatua yote mawili. Sandali ni za Arboretum.

Kuna mbwa pia. Watu huwaleta Karura wakiwa wamefungwa kamba, na wikendi asubuhi utakutana na wengi. Mtoto anayeogopa mbwa atapata taabu huko.

Plastiki, ada na vitambulisho

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na misitu ya Kenya. Chupa za maji za dukani, sahani na vikombe vya plastiki laini, vijiko vya kutupa na mirija vyote vimo. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku tangu 2017. Askari wa lango hukagua mikoba, na mwenye katoni ya maji ya chupa huambiwa airudishe garini. Hapo ndipo familia huingia msituni bila maji. Wekeni maji kwenye chupa za chuma au zile ngumu za kujaza tena, na vyakula kwenye mikebe.

Malipo ni kwa simu. Hakikisheni simu mbili zina salio na chaji, kwa kuwa foleni ndefu za Jumapili husababishwa na mtu aliyefika dirishani ndipo akaanza kumtafuta wa kumtumia pesa. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo angalieni ada ya wiki hiyohiyo kabla ya kupiga hesabu. La kudumu ni kwamba raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Watu wazima wabebe vitambulisho. Shangazi aliyekuja likizo kutoka Minnesota akiwa na pasipoti ya Marekani pekee atahesabiwa kama mgeni, hata akiongea Kikamba safi. Kumbukeni pia ada ya kuegesha gari Karura, ambayo watu huisahau katika bajeti.

Kwa jumla, Arboretum hutoka nafuu, hasa kwa sababu ya usafiri. Iko kama kilomita 3 kutoka katikati ya jiji, na familia yenye watoto wakubwa inaweza kutembea kutoka University Way. Kwa Karura, matatu za Ruaka na Banana hupita Limuru Road na kuwashusha karibu na lango, za Kiambu hupita upande wa pili. Wenye gari wafike Karura kabla ya saa tatu asubuhi Jumapili, kwani maegesho hujaa. Pale Arboretum maegesho ni madogo, na kwa kuwa Ikulu iko jirani, kuegesha ovyo barabarani au kupiga picha kuelekea huko ni kujitafutia maswali.

Siku gani, msimu gani

Wikendi Arboretum si mahali pa kimya. Kuna vikundi vya maombi vinavyoomba kwa sauti, wanafunzi wa chuo, vyama vya akina mama, mazoezi ya viungo na sherehe za kuzaliwa. Wengine huona hiyo ndiyo raha yenyewe, na watoto hupata wenzao wa kucheza nao bila kutafuta. Mwenye mtoto anayehitaji kulala mchana aende siku ya kazi, au Jumamosi mapema. Karura humeza watu: hatua mia tano kutoka maegesho yaliyojaa unaweza kuwa peke yako.

Januari na Februari ni miezi rahisi zaidi kwa kote kuwili, kavu na yenye jua. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mvua za Nairobi hupenda kushuka alasiri au usiku, hivyo ingieni saa mbili asubuhi na mwe mmemaliza kufikia saa saba. Udongo mwekundu wa Karura ukilowa hunata kwenye viatu na kujaa kwenye matao ya baiskeli hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Ngazi za kushukia maporomokoni nazo huteleza, na mtu mzima atangulie mbele ya mtoto, si nyuma yake. Julai na Agosti ni baridi na mawingu hadi karibu adhuhuri. Sweta ya mtoto isiachwe garini.

Siku ya upepo mkali, msiketi chini ya mikaratusi popote pale. Huangusha matawi makubwa bila dalili.

Maporomoko ya Karura, yenye kimo cha mita 15 hivi, ni mazuri kutazama, lakini mto umepita kwenye makazi kabla ya kufika hapo. Watoto wasioge wala kunywa, hata maji yakionekana safi. Waambieni mapema nyumbani, kwani kumkataza mtoto aliyekwisha vua viatu ni vita.

Mzigo wa familia ya watu watano

Kwa nusu siku Arboretum: maji lita 4, chapati 8 hadi 10, mayai ya kuchemsha 6, nduma au viazi vitamu vya kutosha sahani mbili, matunda yaliyokatwa tayari ndani ya mkebe. Leso mbili za kukalia, au shuka moja zito, mpira mmoja, karatasi za choo, kitambaa chenye maji na sabuni, mfuko wa nguo wa kubebea taka kurudi nazo.

Kwa Karura ongezeni maji yafike lita 6 na mpunguze chakula kizito, kwa sababu mzigo wote mtaubeba mgongoni. Ndizi, njugu na mandazi hubebeka, sufuria ya pilau haibebeki. Chaguo jingine ni kuacha chakula kabisa na kula kwenye mkahawa wa upande wa Limuru Road, lakini wikendi saa saba mchana subira ni ndefu na watoto wenye njaa hawana subira. Fikeni hapo saa tano na nusu, au wapeni kitu kidogo kwanza. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa leso au mbeleko. Vigari vidogo vya mjini hukwama kwenye mizizi.

Baiskeli za Karura zinaokoa siku ya familia yenye vijana wa miaka kumi na kuendelea, waliokwisha chukia neno "matembezi". Za saizi ya watoto ni chache na huisha mapema. Kabla ya kulipa, bana breki zote mbili, sukuma mbele uone kama gurudumu linasimama, inua kiti hadi goti libaki limepinda kidogo mguu ukiwa kwenye pedali iliyo chini, na uangalie mnyororo. Baiskeli ikiharibika katikati ya msitu, itabidi uisukume hadi langoni.

Na ikiwa yote mawili hayawafai

Nyumba yenye mtu anayependa mimea kwa dhati, anayesimama dakika kumi mbele ya mti mmoja, ifikirie Brackenhurst huko Tigoni, Limuru, kama kilomita 30 kutoka Nairobi. Tangu mwaka 2000 hivi mikaratusi imekuwa ikiondolewa na mahali pake kupandwa miti ya asili ya ukanda huu, na leo ni msitu. Pana mkahawa, nyasi na mashamba ya chai njiani. Ni juu, zaidi ya mita 2,000, na baridi yake si ya mzaha. Watoto wadogo watachoka haraka kwa kuwa hakuna tumbili wengi wala kelele za kuwachangamsha. Watu wazima ndio watakaokataa kuondoka.

Msijaribu Arboretum asubuhi na Karura alasiri siku moja. Kwenye ramani ni jirani, lakini mtalipa ada mara mbili, mtakaa kwenye foleni ya magari Westlands na watoto watalala garini dakika chache kabla ya lango la pili. Nairobi jua hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika chache mwaka mzima, na chini ya miti giza hutangulia, kwa hiyo mlioko Karura geukeni kuelekea langoni saa kumi alasiri, mkihesabu kwamba kurudi na watoto waliochoka huchukua mara moja na nusu ya muda wa kwenda.